Dume Tuliyemrudisha kwa Maneno Makali

Mbwa alipita mbele ya miguu yangu akiwa ameuma kitu chekundu chenye utando, kirefu kuliko yeye mwenyewe, kikiburuzika kwenye tope la zizi. Watoto wawili walimfukuza wakipiga kelele, naye akapenya chini ya uzio wa miiba na kushika njia ya kwenda kwenye boma la jirani. Nilicheka. Jua lilikuwa bado halijachomoza, mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mimi, niliyekuwa nimelala vibaya kwa kuzoea godoro la mjini, niliona kioja kile kuwa jambo la kwanza la kufurahisha tangu niamke.

Nyuma yangu, mkaza mjomba alikuwa amechutama kando ya kondoo jike mwekundu, mkono mmoja umeshika paja la mnyama na mwingine ukivuta, polepole, mwanakondoo aliyekwisha kufa. Alimlaza juu ya jiwe. Manyoya yalikuwa hayajaota sawasawa, na ngozi ilikuwa imelegea kama ya kitu kilicholowekwa. Kisha alijifuta mikono kwenye shuka lake, akachukua kibuyu, akaenda kukamua mbuzi.

"Huyu ni wa nne," alisema.

Alichobeba mbwa kilikuwa kondo la nyuma. Sikulifikiria tena hadi bwana mifugo alipokuja kuliulizia, na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria.

Mshitakiwa wa kwanza

Mjomba anafuga kondoo 43 na mbuzi wapatao 60 huko upande wa Longido, na kondoo wake wengi ni wale wekundu wa Kimaasai wanaosifika kwa kustahimili minyoo. Kondoo hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano hivi. Hao wanne walikuwa wametupa mimba katika mwezi wa nne au mwanzoni mwa wa tano, mmoja baada ya mwingine, ndani ya siku 18, na kabla Aprili haijaisha walikuwa wamefika sita.

Mambo ya namna hii hayakai muda mrefu bila kupata mwenyewe. Mwezi Novemba jirani alikuwa amemwazima mjomba dume wa Dorper, mnyama mweupe mwenye kichwa cheusi na mapaja kama magogo, aliyenunuliwa ng'ambo ya Namanga kwa bei ambayo mjomba huitaja kwa sauti ya chini. Dume yule alikuwa mgeni, alikuwa ndiye aliyewapanda majike wote, na alikuwa mali ya mtu mwingine. Ushahidi gani zaidi ulihitajika? (Ugeni wenyewe ni wa nusu tu, kwa kuwa Dorper alipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza na kondoo wa kichwa cheusi wenye asili ya Pembe ya Afrika. Lakini nani huuliza ukoo wa mshitakiwa?)

Jioni ile niliketi kando ya moto na simu yangu, nikatafuta, nikasoma, na baada ya nusu saa nikawa mtaalamu. Nilimweleza mjomba kwamba uko ugonjwa wa bakteria wa kondoo ambao huenezwa na madume wakati wa kupanda, kwamba dume huonekana mzima kabisa huku akiwa ameubeba, na kwamba mambo yote niliyoyaona bomani yanafanana na nilichokisoma. Mjomba alinisikiliza kwa makini ambayo sikustahili. Asubuhi kijana mmoja alimswaga dume hadi kwa mwenyewe, akapeleka pamoja naye maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mjomba hakuyatunga peke yake maneno yale. Nusu yake yalikuwa yangu.

Nilichokisoma kilikuwa kweli

Kinachonisumbua ni kwamba sikudanganywa na intaneti. Ugonjwa ule upo. Bakteria wake huitwa Brucella ovis, na walielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko New Zealand na Australia, nchi zenye makundi makubwa ya kondoo na wafugaji waliokuwa wakishangaa kwa nini madume wenye afya njema hawatungishi mimba. Bakteria hao hushambulia mrija uliojikunja nyuma ya korodani, mahali ambapo mbegu hukomaa kabla ya kutoka. Mrija huvimba, kisha hukakamaa, na mbegu huharibika au hukosa njia.

Namna wanavyosafiri inastaajabisha. Kondoo jike aliye katika joto hupandwa na dume mgonjwa, na saa chache baadaye, akiwa bado katika joto lile lile, hupandwa na dume mzima, ambaye huondoka na bakteria walioachwa na mwenzake. Jike mwenyewe mara nyingi hajali sana, kwani bakteria hutoweka mwilini mwake baada ya muda. Yeye amekuwa daraja tu. Na madume hawahitaji hata daraja hilo: nje ya msimu wa kupandisha, wakikusanywa pamoja katika zizi moja, hunusana, hulambana sehemu za siri na kupandana katika kugombea ukubwa, na hivyo huambukizana bila jike yeyote kuwepo. Dalili ambayo mfugaji huiona ni majike kurudi katika joto tena na tena, wanakondoo wachache, na msimu wa kuzaa unaojivuta kwa wiki nyingi.

Kutupa mimba kwa sababu ya bakteria hao hutokea kwa nadra.

Sentensi hiyo nayo ilikuwemo katika nilichokisoma usiku ule. Niliiona. Niliipita, kama mtu apitavyo kwa haraka mlango wa mtu anayemdai.

Kondo liko wapi?

Bwana mifugo alifika siku ya tano kwa pikipiki yenye tope hadi kwenye vioo. Baada ya salamu na chai aliuliza kwanza habari za mvua na mbu, na kama wanakondoo waliozaliwa hai walikuwa wakifa. Nilielewa anakoelekea, kwa sababu watu wa umri wangu tunaikumbuka Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa kwanza miongoni mwa kondoo karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wanakondoo wetu wachache waliozaliwa walikuwa wakirukaruka mbele yake. Aliachana na swali hilo.

Nikamweleza habari za dume. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsubiri mwenziwe amalize.

"Kondo liko wapi?" aliuliza.

"Lipi?"

"Lolote. La wa kwanza, la pili, la jana."

Mkaza mjomba alionyesha kwa kidevu nyuma ya uzio, walikozoea kutupa. Hapakuwa na kitu. Ndipo nilipomtaja mbwa, na nilipokuwa nikimtaja nilitambua kwamba sikuwa nikicheka tena.

Alichotueleza kwa saa nzima, akichora ardhini kwa kijiti, nitajaribu kukisema kwa maneno yangu. Aliyemshuku yeye ni ndugu mwingine katika ukoo ule ule, Brucella melitensis, ambaye huwapata mbuzi na kondoo na ambaye hategemei sana dume. Huingia mwilini kwa njia ya mdomo, pua, utando wa macho au mchubuko. Hujificha katika tezi, ndani ya chembe zile zile ambazo kazi yake ni kumeza wadudu wa maradhi, na huweza kukaa humo kimya. Mimba inapokua, hupata karamu. Katika kondo la nyuma la kondoo, mbuzi na ng'ombe mna sukari ya aina yake iitwayo erithritoli, ambayo bakteria hao huipenda kuliko chakula kingine, na hapo huzaana kwa mamilioni juu ya mamilioni hadi kondo linaoza likiwa bado kazini. Mtoto hukosa hewa na chakula. Hutupwa, na pamoja naye hutupwa ule mzigo wote: maji ya uzazi, kondo, na ute ambao utaendelea kutoka kwa wiki kadhaa baadaye, na kwa mbuzi hata miezi miwili au mitatu.

Kiswahili kimeweka irabu moja tu kati ya kondo na kondoo. Sijui kama aliyeyaumba maneno hayo aliwahi kufuga.

Kisha alituuliza kondoo wanalala wapi. Zizi la mjomba nalivuka kwa hatua 12. Usiku kondoo wote 43 hubanana humo, na humo ndimo wanamozaa. Na hapa alisema jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote: kondoo jike anayekaribia kuzaa huvutwa na harufu ya maji ya uzazi, hata yakiwa ya mwenzake. Husogea, hunusa, hulamba. Ni mvuto ule ule utakaomfanya siku chache baadaye amtambue mtoto wake kati ya watoto thelathini. Kwa hiyo anapotupa mimba mmoja, wanaomkimbilia kwanza ni wale wenye mimba kubwa, ambao ndani yao karamu imekwisha andaliwa.

Akilini nilimwona tena yule jike mwekundu wa asubuhi ile, na majike watatu waliokuwa wamemzunguka. Nilikuwa nimedhani wanamwonea huruma.

Jua kali, alisema, huwaua bakteria hao kwa saa chache. Kwenye kivuli, kwenye samadi yenye unyevu na tope lenye ubaridi, huishi wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Tulikuwa katikati ya masika. Naye dume? Dume anaweza kuambukizwa, anaweza kuvimba korodani, na mbegu zake zinaweza kubeba bakteria, lakini kwa ugonjwa huu njia kuu hupita pale jike anapozaa au anapotupa.

Matone ya rangi ya waridi

Tulichukua damu ya kondoo 24, akiwemo yule Dorper, ambaye bwana mifugo alimfuata mwenyewe kwa jirani kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na uso wa kwenda. Mimi nilibeba kisanduku cha barafu hadi maabara, nikaruhusiwa kusimama nyuma na kutazama.

Kipimo chenyewe ni chepesi kiasi cha kutia shaka. Tone la maji ya damu huwekwa kwenye kigae cheupe, huongezwa tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya waridi iitwayo Rose Bengal, huchanganywa, kisha kigae huyumbishwa taratibu kwa dakika nne. Kama damu haijawahi kukutana na brusela, tone hubaki laini kama uji mwepesi. Kama imewahi, hukatika chembechembe mithili ya maziwa yaliyoharibika.

Matone tisa yalikatika. Tone la Dorper lilibaki laini.

Nilipaswa kuishia hapo, nikiwa na jibu. Lakini nilikuwa nimejifunza kidogo, na kujifunza kidogo kunachosha: niliuliza kama kipimo hicho kingemwona Brucella ovis, yule wa madume. Hakimwoni. Gamba lake la nje si sawa na la bakteria wanaotumika katika kipimo, hivyo dume mwenye ugonjwa ule angepita hapo bila tone lake kutikisika. Bwana mifugo alikuwa amempapasa korodani na kuzikuta laini, zenye ukubwa sawa, lakini madume wengi walioambukizwa hawana uvimbe unaohisika kwa vidole. Maana yake ni kwamba dume tuliyemsingizia aliachiwa na kipimo kisichoweza kuona kosa nililomshitakia. Kosa alilokuwa huru nalo lilikuwa jingine, na hilo jingine ndilo lililokuwa likitumaliza.

Kipimo pia hakitaji ni brusela yupi. Kwa kondoo na mbuzi, alisema mtaalamu, wa kawaida ni melitensis, na kumthibitisha kunahitaji kumwotesha katika maabara yenye kinga za juu, kwani ni katika bakteria wanaowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi kuliko wengi wengine.

Mbuzi wa Malta

Jina melitensis maana yake ni wa Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, aliwapata bakteria hao katika bandama la askari aliyekufa kisiwani humo kwa homa isiyoeleweka. (Ni Bruce huyo huyo aliyefika Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.) Kilichonishangaza si ugunduzi wake bali miaka iliyofuata. Ilipita miaka 18 kabla mtu hajajua askari wanaupata wapi. Walitazama hewa, maji taka, vumbi, mbu. Mbuzi walikuwa wakipita barabarani kila asubuhi, wakikamuliwa mlangoni kwa mnunuzi, na hakuna aliyewatazama kwa sababu walionekana wazima.

Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alitafuta mbuzi wa kufanyia majaribio ya kuwaambukiza. Alipopima damu zao kabla ya kuanza, aliwakuta wengi wao wameshaambukizwa. Mwaka huo huo meli iitwayo Joshua Nicholson ilibeba mbuzi wa Malta kwenda Marekani, na mabaharia waliokunywa maziwa yao njiani wakaugua. Mwaka 1906 jeshi liliacha maziwa ya mbuzi, na homa ikaporomoka.

Habari hii niliisoma mara tatu. Miaka 18 ya kumtafuta mwovu kila mahali isipokuwa kwenye kitu kinachotupa maziwa.

Paker

Hapa ndipo ilinibidi niache kusoma habari za watu wengine.

Kwa Wamaasai, mtu akimpa mwenzake mnyama, wawili hao huweza kuacha kuitana kwa majina na kuitana kwa mnyama yule. Aliyepeana kondoo na mwenzake humwita Paker. Miaka miwili iliyopita, nilipokwenda kwa sherehe ya binamu yangu, nilipitia mnadani nikamnunulia mjomba kondoo jike, mbarika mwenye manyoya mekundu kama udongo wa barabara. Sikuuliza alikotoka. Nani huuliza? Nilitazama meno, nikashika mgongo, nikalipa. Tangu siku hiyo mjomba haniiti mpwa wala haniiti kwa jina langu. Mimi ni Paker wake naye ni Paker wangu, na nakiri kwamba hakuna jina nililowahi kuitwa ambalo nimelipenda zaidi.

Orodha ya maabara ilikuja na namba za hereni, na mjomba alinisomea kwa simu ili niwaandike. Namba ya sita kati ya tisa ilikuwa ya yule mbarika niliyempa.

"Huyu hakutupa mwaka huu," nilisema.

"Mwaka huu hapana," mjomba alijibu. "Alitupa mwaka jana. Ule uzao wake wa kwanza. Tulidhani alipigwa pembe."

Kwa kawaida kondoo mwenye brusela hutupa mara moja. Mimba zinazofuata huweza kufika mwisho na mwanakondoo akazaliwa mzima, mwenye kulia kwa sauti, huku kondo linalomfuata na maziwa anayonyonya yakiwa bado na bakteria. Mnyama wa hatari zaidi zizini anaweza kuwa ndiye mnene kuliko wote.

Ndiye mnene kuliko wote.

Damu haisemi lini

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikijitetea. Utetezi wangu ni mzuri. Tone lililokatika linasema kondoo huyu aliwahi kukutana na bakteria, lakini halisemi lini wala kwa nani. Inawezekana aliupata hapa hapa, kwa mjomba, kutoka kwa mbuzi ambao hatukuwapima hata mmoja. Inawezekana mmoja wa wale wanane alimtangulia. Bakteria huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa tumboni au kwa maziwa, na mtoto wa namna hiyo mara nyingine hukua akiwa na damu isiyoonyesha kitu hadi mimba yake ya kwanza. Kwa hiyo huenda ugonjwa ulikuwa zizini tangu kabla sijajua bei ya kondoo. Hata malisho yana sehemu yake, kwa kuwa wakati wa kiangazi makundi matano hunywa kwenye bwawa moja.

Yote hayo ni kweli, na sikumpa dume wa jirani hata moja kati ya hayo.

Huo ucheleweshaji ndio unaoupa ugonjwa huu nguvu juu ya akili zetu. Sisi huuliza ni nani aliyekuja juzi, ilhali kilichokuja kilikuja mwaka jana. Iko hata bakteria nyingine, ile ya Chlamydia abortus inayowasumbua sana wafugaji wa Uingereza, ambayo jike akiipata msimu huu wa kuzaa hukaa nayo kimya na kutupa mimba msimu ujao, na mfugaji humkamata mgeni wa wiki iliyopita. Hiyo nayo hupita kwenye kondo. Mjomba alipopendekeza tuwapige wote sindano za tetrasaiklini, bwana mifugo alisema kwamba kwa hiyo ya Uingereza dawa ingeweza kupunguza idadi ya wanaotupa, lakini kwa brusela anayejificha ndani ya chembe tungeteketeza fedha na kubaki na wabebaji walewale.

Mkaza mjomba alianza kupata homa mwezi Mei. Ilikuwa ikija jioni na kumwacha asubuhi akiwa amelowa jasho, na viungo vikimuuma kiasi cha kushindwa kuinua ndoo. Alipewa dawa za malaria, kisha za taifodi, kisha za malaria tena, kabla mtoto wake mmoja hajamwambia mganga wa zahanati habari za kondoo. Sasa yuko katika wiki ya nne ya matibabu ya wiki sita. Nilipomwomba radhi kwa kuwa nilisimama pale asubuhi ile nikimtazama akivuta kwa mikono mitupu, alishangaa. "Ulitaka nivute kwa nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mara ile nilikuja na mkate, sukari na majani ya chai. Glavu jozi mia moja zingeenea kwenye kona ya mkoba wangu.

Kuuza ni kuhamisha

Jambo lisemwalo vitabuni kuhusu wanyama tisa wenye majibu ya namna hii ni fupi: waondolewe kundini. Bomani sentensi hiyo hupita kwenye mlango mmoja tu, nao ni mnada. Kondoo anayetupa mimba huuzwa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na ni busara ya kichumi isiyo na kasoro, isipokuwa kwamba mnunuzi naye ni mtu. Ninashuku sana kwamba kijana aliyeniuzia yule mbarika alikuwa akifanya hivyo hivyo, au baba yake alikuwa amefanya hivyo kwa mama wa mbarika. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Chanjo ipo, iitwayo Rev.1, bakteria hai waliodhoofishwa ambao wanakondoo wa kike hutiwa jichoni kwa tone wakiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita. Ikitolewa kwa mwenye mimba huweza kumtupisha, na ikimchoma mtoaji huweza kumfanya augue. Bomani kwetu haijawahi kufika, na sikuwahi kusikia mtu akiidai.

Mjomba amechinja sita, mmoja mmoja, akizika matumbo ya uzazi na viwele kwa kina cha mkono mzima bila kumpa mbwa kitu. Nyama ikiiva vizuri haina neno. Wawili wamebaki kwa sababu wananyonyesha. Wa tisa yuko peke yake katika zizi dogo alilojengewa upande wa jua, mbali na wenzake, kwa kuwa ana mimba iliyotungwa mwishoni mwa Januari na mjomba hachinji mnyama mwenye mimba. Sidhani kama ni hilo tu. Hajasema, nami sijamuuliza, kwamba huyo ndiye aliyetupa jina.

Juzi alfajiri alinipigia simu.

"Paker," alisema, "kiwele kimeanza kujaa."

Tulipanga. Jumamosi nitafika na glavu, chokaa na dawa ya kuulia vijidudu. Shimo limekwisha chimbwa. Mbwa watafungwa kuanzia jioni, na watoto watalala kwa bibi yao. Mkaza mjomba hatakaribia. Nitavuta mimi, kama kuvuta kutahitajika, na kondo likitoka nitalitia shimoni kwa mikono yangu. Kisha mjomba akanyamaza kidogo, akaniambia nikishuka kwenye gari nipitie kwanza kwa jirani.

Jirani amekwisha ambiwa kwamba damu ya dume wake ilikuwa safi. Alipokea habari hizo, nasikia, kwa utulivu wa mtu aliyejua tangu mwanzo. Hakuambiwa kwamba dume yule alikuwa amelala zizini kwetu kwa miezi mitano, kati ya majike wanaotupa, na kwamba damu iliyochukuliwa siku chache tu baada ya kurudishwa inaweza kuwa ilichukuliwa mapema mno kuonyesha kitu. Kondoo wake wanaanza kuzaa mwezi Julai. Ni lazima nimweleze hayo yote kabla makala haya hayajamfikia kupitia simu ya mwanawe, na nimekwisha yapanga maneno yangu mara nyingi, kuanzia kwenye radhi hadi kwenye kipimo cha pili.

Kila ninapofika kwenye habari ya mbwa nakwama.